Maama si anko: filamu za kijijini za Kitamil na tafsiri zetu

Mhariri,

Ukisoma kurasa za burudani za magazeti yetu, au ubao wa ratiba nje ya kibanda umiza, kila kitokacho India kina jina moja: picha la Kihindi. Jina hilo halikuzuka tu. Kumbi za Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilijaza watu kwa filamu za Bombay miaka mingi, enzi za Awara (1951) na Mother India (1957), na hizo kweli zilikuwa za Kihindi. Ila katika mzigo unaozungushwa leo kwenye flashi na simu zimo filamu za mapenzi ya kijijini za Kitamil, lugha ya kusini mwa India. Hizo zikitupwa katika kapu hilo hilo humfikia mtazamaji zikiwa zimevunjika mara tatu: kwanza katika maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, pili kwenye mkasi wa anayekata nyimbo, tatu mdomoni mwa mtafsiri. Kosa la kwanza ndilo baya kuliko yote, na ndilo jepesi kurekebisha, kwa kuwa maneno ambayo Kiingereza kimeyakosa, Kiswahili kinayo.

Tuanze na kutambua tunachotazama. Kabla filamu ya India haijaanza hutokea cheti cha bodi ya ukaguzi kwa sekunde chache, na wengi hukiruka. Humo mna jina la filamu, lugha yake, daraja lake (U ni ya watu wote, A ya watu wazima, UA ipo katikati) na urefu wake, kwa dakika katika vyeti vya filamu za karibuni. Simamisha picha hapo. Ikiwa lugha ni TAMIL na urefu ni dakika 152, halafu faili lako lina dakika 120, ujue nusu saa imeliwa, na kwa kawaida zilizoliwa ni nyimbo. Cheti kikiwa kimekatwa, tazama herufi za majina ya waigizaji: za Kihindi huning'inia kwenye mstari wa juu kama nguo kwenye kamba, za Kitamil ni za mviringo na mstari huo hazina. Sikio nalo lina kazi. Aliyezoea "kya", "nahin" na "hai" ya mwisho wa sentensi hatazisikia. Atasikia "enna" yenye maana ya "nini", "ille" yenye maana ya "hapana", na "da" ikimfuata mwanamume anayeitwa au "di" mwanamke. Lugha hizi mbili hazina ukoo. Zimeachana kama Kiswahili kilivyoachana na Kisomali.

Kuna faili la aina nyingine, ambalo sauti ni ya Kihindi lakini midomo ya waigizaji inakwenda kwingine. Hiyo ni filamu ya Kitamil iliyovishwa Kihindi kwa ajili ya televisheni za kaskazini. Mara nyingi imebadilishwa jina, majina ya watu yamegeuzwa na nyimbo zimepunguzwa. Ukiitafsiri hiyo unatafsiri tafsiri. Tafuta ya asili.

Sasa neno lililobeba kichwa cha barua hii. Msichana wa kijiji cha Kitamil humwita kijana anayempenda "maama". Maandishi ya chini yanasema uncle, mtafsiri wetu anasema "anko", na kibanda kizima kinaguna kwamba binti anatongozana na mjomba wake. Hapo filamu imeshakufa, dakika ya 20.

Maama ni kaka wa mama, hilo kweli. Ni pia mume wa shangazi, na ni baba mkwe. Neno moja linawatosha wote kwa sababu kwa Watamil wengi wa vijijini mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ndio wachumba wa kwanza, wenye haki inayoitwa murai. Ukioa binti wa mjomba wako, mjomba amekuwa mkwe. Ya nini kumtafutia jina jipya? Na kwa kuwa katika koo nyingi kaka wa mama mwenyewe aliruhusiwa kumwoa binti wa dada yake mkubwa, msichana hulitumia jina hilo kwa mwanamume ambaye ndoa naye inawezekana, na baadaye kwa mumewe. Watoto wa ndugu wawili wa kiume, au wa dada wawili, ni kaka na dada, na ndoa baina yao haipo. Ndiyo maana msichana akimwita kijana "anna", yaani kaka, mlango umefungwa. Ukumbi wa Madurai, mji wa Watamil, huangua kicheko hapo. Wetu hubaki kimya kwa kuwa mtafsiri amesema "broo".

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa hesabu hii. Binamu nyama ya hamu ni msemo wetu wenyewe. Tunamtenga mjomba na baba mdogo, shangazi na mama mdogo, tunaye wifi na tunaye shemeji, wakati Kiingereza kimewamwaga wote katika vikapu viwili vitatu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kipaza sauti, mtafsiri aitazame filamu nzima mara moja bila kurekodi na kuchora mti wa ukoo kwenye karatasi: nani dada wa nani, nani kamwoa nani. Maama wa damu ni mjomba. Maama anayetoka kinywani mwa msichana kwa mtoto wa shangazi yake ni binamu. Athai ni shangazi, na pia mama mkwe. Machan ni shemeji, lakini vijana wawili wanaoitana hivyo kwenye kibanda cha chai ni washikaji tu na shemeji hapo itapotosha. Mume akiitwa maama, lieleze neno mara moja mwanzoni kisha liache lilivyo.

Tazama linavyofanya kazi katika Paruthiveeran (2007) ya mwongozaji Ameer, filamu iliyomtoa mwigizaji Karthi na kumpa Priyamani tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike. Binti anamng'ang'ania mhuni wa kijiji kwa kuwa ni binamu yake, anadai haki. Baba anakataa katakata kwa sababu kijana huyo amezaliwa na ndoa iliyovuka mpaka wa tabaka, na hahesabiwi kuwa wao. Ukiuondoa ubinamu huo, kinachobaki ni msichana king'ang'anizi na mzee mkali bila sababu.

Kisha kuna uzi. Thali ni uzi uliopakwa manjano, wenye kidani cha dhahabu, ambao bwana harusi humfunga bibi harusi shingoni kwa mafundo 3. La kwanza hulifunga mwenyewe, na mengine mara nyingi humaliziwa na dada yake. Ukishafungwa, ndoa imepita. Chinna Thambi (1991) ya P. Vasu, wakiwemo Prabhu na Khushbu, imesimama juu ya uzi huo tu: kijana mwimbaji asiyejua dunia anaombwa na binti wa tajiri amfunge, anamfunga, na hajui kwamba ameshaoa. Wapenzi wa Bollywood wanaikumbuka kwa nakala yake ya Kihindi, Anari (1993). Mtafsiri akisema "mkufu", basi. Hofu yote ya saa inayofuata inaonekana upuuzi, maana mkufu huvuliwa. Sema "uzi wa ndoa", na urudie kila unapotokea.

Katika harusi ya filamu hizi kuna sekunde ambazo mtafsiri lazima afunge mdomo. Uzi unapokaribia shingo, mzee hupaza sauti "getti melam!" na ngoma zote na zumari hulipuka kwa pamoja, ili chafya au neno baya lolote lisisikike. Mwandishi wa filamu naye huvizia papo hapo: ama ngoma zinalipuka, ama mtu anaingia mbio akipiga kelele harusi isimame. Ukizungumza juu ya ngoma hizo umeua tukio. Shusha sauti yako sifuri mpaka fundo la tatu.

Upande wa maua na vyakula, mtazamaji wa Lamu au Unguja anaweza kumzidi hata wa Delhi. Mume anayerudi nyumbani jioni na furushi la asumini na pakiti ya halua hajaleta zawadi tu. Kila Mtamil ukumbini ameelewa usiku utakuwaje. Wenye desturi ya kikuba hawana la kuuliza. Lakini "kupewa halua" katika mazungumzo ya mtaani ya Kitamil maana yake ni kutapeliwa, na halua ya mji wa Tirunelveli ndiyo inayotajwa zaidi, kwa hiyo sentensi ile ile inaweza kuwa ya mahaba au ya matusi. Sahani ya tambuu na popoo inapobadilishwa kati ya wazee wawili, posa imekubaliwa. Msemaji asiseme "wanakaribishana". Na yapo maganda marefu ya kijani ambayo wake huyapika kwa makusudi. Ni ya mlonge. Sisi tunaujua kwa majani na unga wake, wao hula maganda na kuyahesabu kuwa ya kumpa mume nguvu. Tangu Mundhanai Mudichu (1983) ya K. Bhagyaraj, ambayo kichekesho chake kikubwa ni mboga hiyo, ganda la mlonge likionekana sokoni tu watu wanacheka. Kwetu linapita kama bamia.

Mwezi wa Aadi, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ni mtego mwingine. Bibi harusi mpya hurudishwa kwao. Hakuachwa, hakugombana na mtu: mimba ikitungwa wakati huo mtoto atazaliwa Aprili au Mei, kwenye joto kali kuliko yote, basi wazee huwatenganisha. Harusi pia hazifungwi mwezi huo. Ni mwezi wa mungu wa kike Mariamman na uji wa ulezi hekaluni. Filamu nyingi huweka hapo vituko vya mume kuruka ukuta usiku kumfuata mke wake mwenyewe. Mtafsiri akikosea akasema "kampa talaka", vituko vinageuka uhalifu.

Mavazi niyapitie haraka. Sketi ndefu na blauzi peke yake ni mtoto. Ukiongezwa mtandio unaozungushwa kifuani, amevunja ungo na hajaolewa, na kati ya mavazi hayo mawili ndipo ilipo sherehe ambayo mjomba huja na sinia za zawadi na kumjengea mwari kibanda cha makuti. Wanaojua unyago watamwelewa mjomba huyo bila maelezo. Sari kamili kwa kawaida ni mke. Wanaume huvaa shuka jeupe: likikunjwa hadi magotini mtu yuko kazini au yuko tayari kwa ugomvi, na akikutana na mkubwa hulishusha hadi kwenye vifundo vya miguu. Taulo la begani ni jambo zito. Mtu wa tabaka la chini alilazimika kulitoa begani na kulibana kwapani mbele ya mwenye shamba. Kamera ikisogea kwenye taulo, usiseme "anasikia joto".

Nimeziacha nyimbo mpaka hapa kwa sababu ndizo zinazodhulumiwa zaidi. Filamu ya masala ya kijijini, yaani yenye mchanganyiko wa mapenzi, vichekesho, ngumi na nyimbo, huchukua dakika 150 hivi, na ndani yake mna nyimbo 5 au 6, kila moja dakika 4 au 5. Ni dakika 20 hadi 30. Anayezikata huamini anaokoa muda. Kwa kweli anakata hadithi, kwani katika filamu hizi wapenzi hawaambiani "nakupenda" wakiwa wamesimama. Huambiana ndani ya wimbo, na wimbo ukiisha wamekwisha kuwa wapenzi. Ukiukata, watu wawili waliotukanana kisimani dakika ya 35 wanaonekana dakika ya 36 wakitoroka pamoja. Ndipo tunaposema "ndiyo mambo ya picha la Kihindi".

Kuna kosa la ndani zaidi. Wimbo mmoja huimbwa mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha, na kipande cha pili cha filamu unarudi polepole, sauti moja, labda filimbi tu nyuma yake. Huzuni yote ya marudio hayo imekopwa kutoka wimbo wa kwanza. Katika Chinna Thambi wimbo wa kubembeleza mtoto unarudi zaidi ya mara moja kwa njia hiyo. Aliyekatiwa wa kwanza anasikia wa pili kama kelele za mtu asiye na sababu ya kulia.

Ala zenyewe zinaongea. Nadaswaram ni ndugu wa zumari yetu, wa mbao, na ile kubwa inakaribia urefu wa mita moja. Ikiambatana na ngoma ya thavil, ni harusi au hekalu. Parai ni ngoma bapa inayokaushwa kwa moto kama tunavyokausha zetu, hupigwa kwa vijiti viwili, na katika filamu za zamani ikisikika kabla ya picha kuonekana, kuna maiti. Urumi husuguliwa kwa kijiti kilichopinda upande mmoja wa ngozi na kunguruma kama chui. Mtu anakaribia kupandwa na mungu, au mundu unakaribia kutoka kiunoni. Karakattakkaran (1989) ya Gangai Amaran, iliyoonyeshwa Madurai zaidi ya mwaka, ni ya wachezaji wanaobeba chungu kilichopambwa kichwani bila kukishika, na huwezi kuifuata ukiwa umeshusha sauti ya kundi la ngoma. Kichekesho chake cha ndizi mbili, kwa taarifa ya watafsiri, kinahamia Kiswahili bila jasho: aliyetumwa kununua mbili kala moja, akiulizwa ya pili iko wapi anaonyesha iliyobaki na kusema ya pili ndiyo hii. Usikiongezee chochote. Kinauawa na maelezo.

Muziki wa namna hiyo uliingia sinema kwa nguvu na mtunzi Ilaiyaraaja, mzaliwa wa kijiji cha Pannaipuram, aliyeanza na Annakili mwaka 1976. Mwaka uliofuata mwongozaji Bharathiraja, mtu wa eneo hilo hilo la Theni, alitoa 16 Vayathinile, akaitoa kamera studio na kuipeleka kijijini kwenyewe. Kabla yake kijiji cha Kitamil kwenye sinema kilikuwa zaidi cha mbao na rangi huko Kodambakkam, mtaa wa studio mjini Madras, ambayo tangu 1996 inaitwa Chennai. Aliyeigiza binti wa miaka 16 ni Sridevi, mnayemwandika nyota wa Bollywood. Alikuwa na miaka 14 filamu ilipotoka Septemba 1977, na alipoigiza nakala yake ya Kihindi, Solva Sawan (1979), ndipo kaskazini walipompa nafasi ya kwanza ya mhusika mkuu.

Jinsi ya kutafsiri wimbo bila kuukata: wimbo wa filamu una kiitikio, kisha beti mbili zilizotenganishwa na muziki mtupu. Toa maana ya kiitikio kwa sentensi moja wakati wa muziki wa mwanzo. Nyamaza. Ukifika muziki wa kati, sema kilichotokea kwenye picha, kwa sababu hapo ndipo mavazi hubadilika na siku hupita. Nyamaza tena. Maneno 40 yanatosha kwa wimbo mzima. Wanaogawa filamu sehemu mbili nao wagawe pale skrini yenyewe inapoandika mapumziko, kwa kawaida kati ya dakika ya 70 na 80, penye pigo kubwa la kwanza. Wanaogawa kwa ukubwa wa faili hukata katikati ya baraza la wazee chini ya mti, kabla hukumu haijatoka.

Mandhari pia ni maelezo ya bure. Mpunga wa kijani na mifereji ni upande wa magharibi, Pollachi au Gobichettipalayam, ambako mazungumzo ni ya heshima na "nga" hufuata kila neno. Vumbi na vichaka vya miiba ni kusini, Madurai na kuendelea, ambako watu huongea kwa mkato. Miiba hiyo, kwa Wakenya wa Baringo na Tana River, ni mathenge ile ile.

Sizitetei filamu hizi kwa kila kitu. Kijana kumfuata msichana njia nzima mpaka achoke kukataa huitwa mapenzi. Kofi la mume huitwa kumrekebisha mke. Na nyingi za miaka ya 1990 ziliimba sifa za matabaka yenye ardhi hadi kwenye jina la filamu, kama Chinna Gounder na Thevar Magan, zote za 1992. Gounder na Thevar si majina ya ukoo ya kupita tu, na mtafsiri anayeyafupisha kuwa "Bosi" amefuta sababu ya vita nzima. Majibu yamekuja kutoka ndani: Kaadhal (2004) ya Balaji Sakthivel, ambapo fundi wa pikipiki na binti wa tajiri wanatoroka na kijana anaishia kuwa mwendawazimu barabarani, na Pariyerum Perumal (2018) ya Mari Selvaraj. Wanaoshika kanuni ya kwamba steringi hafi wajiandae. Katika Paruthiveeran anakufa, naye binti amekufa kabla yake.

Kwa ukurasa wenu, Mhariri, ombi ni dogo: mnapotangaza filamu ya India, ongezeni lugha, mwaka, jina la mwongozaji na dakika zilizoandikwa kwenye cheti. Msomaji akiona 152 na kibanda kikimwonyesha 120, atajua la kuuliza mlangoni.

Msomaji wenu,
Tanga